Mlango wa chumba cha marubani: tathmini ya bidhaa ambayo abiria huilipia bila kuichagua

Abiria wanaosafiri kwa ndege kati ya Dodoma na Dar es Salaam wamezoea kutathmini kila kitu isipokuwa kile kilicho mbele ya macho yao muda wote wa safari. Tunaulizana kama ndege imeondoka kwa wakati, kama mizigo imefika, kama nauli imepanda kwa sababu Bunge limeanza vikao, na tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 tunaulizana pia kama bado kuna haja ya kupanda ndege. Mlango mwembamba unaotenganisha viti vya abiria na chumba cha marubani hakuna anayeuuliza. Hata hivyo ni bidhaa kama zilivyo bidhaa nyingine: uliundwa na kiwanda, ukapimwa nguvu zake, ukanunuliwa pamoja na ndege, na gharama yake imo ndani ya nauli. Nimeona unastahili tathmini yake, hasa kwa kuwa swali ninaloulizwa mara nyingi na majirani wanaojua kwamba ninafuatilia mambo ya usafiri wa anga halihusu injini wala hali ya hewa. Wanauliza hivi: rubani mwenyewe akiamua kuiangusha ndege, nani atamzuia?

Mlango huu hautamzuia. Ukitumiwa na mtu huyo, utamsaidia. Pamoja na hayo siungi mkono wanaotaka uondolewe, na maelezo yanayofuata yanaonyesha kwa nini.

Kwanza bidhaa yenyewe. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka kiwango kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2003 kila ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 60, au yenye uzito wa juu wa kuruka unaozidi kilo 45,500, iwe na mlango wa chumba cha marubani unaostahimili risasi za silaha ndogo, vipande vya bomu la mkono na nguvu ya mtu anayetaka kuuvunja. Kanuni za Marekani zilifika hadi kwenye vipimo: mlango ustahimili pigo la jouli 300, na kitasa chake kising'oke kikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 1,113. Tangu milango ya nje inapofungwa baada ya abiria kuingia hadi inapofunguliwa ili washuke, mlango huo wa ndani hutakiwa kuwa umefungwa na kukomewa, isipokuwa pale mtu mwenye ruhusa anapopita; na marubani wawe na njia ya kumwona anayegonga.

Kwa ndege tunazopanda hapa Dodoma, kiwango hicho kinagusa nyingi lakini si zote. Dash 8-400 ina viti 76 kwa mpangilio wa Air Tanzania, kwa hiyo inaingia kwa hesabu ya viti ingawa kwa uzito haifiki hata tani 30. Airbus A220-300, yenye viti 132, inaingia kwa hesabu zote mbili. ATR 42, ambayo viti vyake havizidi 50, haibanwi na kiwango hicho, na zile ndege ndogo aina ya Cessna Caravan zinazowapeleka watalii mbugani hazina mlango wowote. Abiria hukaa akitazama mabega ya rubani.

Ufundi wa mlango wenyewe ni mzuri, na ningependa kuueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hapo ndipo sifa na kasoro vinapokutana. Nitatumia mfano wa Airbus A320, ambao utendaji wake umeelezwa kwa kina katika ripoti za uchunguzi. Aina nyingine hutofautiana katika muda na umbo la vibonye, lakini mpango ni ule ule. Nje ya mlango kuna vibonye vya namba. Mhudumu anayetaka kuingia hupiga simu ya ndani, kisha hubonyeza namba ya kawaida, kengele ikalia kwa marubani. Ndani, kati ya viti viwili vya marubani, kuna swichi ndogo yenye nafasi tatu: ya kufungua, ya kawaida, na ya kufunga kabisa. Rubani akiona katika skrini kwamba anayegonga ni mtu wake, humfungulia. Asipojibu mtu, huenda marubani wote wawili wamezirai, na kwa hilo kuna namba ya siri ya dharura: mhudumu akiibonyeza, kengele hulia kwa sekunde 15, na kama bado hakuna aliyegusa swichi, komeo huachia kwa sekunde 5 tu ili aingie. Lakini kama aliye ndani ataisukuma swichi kwenye nafasi ya kufunga kabisa, namba zote za nje hufa kwa dakika 5, na anaweza kuisukuma tena dakika hizo zikiisha.

Waundaji hawakusahau hatari nyingine. Hewa ikipungua ghafla ndani ya ndege, vihisi vya mlango huachia makomeo ili tofauti ya mgandamizo isiuvunje ukuta. Na umeme ukikatika, makomeo huachia pia. Kwa vigezo vya kiwanda hii ni kazi safi. Uamuzi mmoja tu ndio unaobishaniwa, nao ni kwamba mlango umempa aliye ndani neno la mwisho dhidi ya kila aliye nje, hata awe kapteni wa ndege hiyo hiyo.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kukumbuka safari namba 2069 ya British Airways, Boeing 747 iliyokuwa ikitoka London kwenda Nairobi tarehe 29 Desemba 2000 ikiwa na watu karibu 400. Ikiwa katika anga ya Sudan usiku, abiria mmoja aliyekuwa na matatizo ya akili aliingia katika chumba cha marubani na kung'ang'ania usukani, ndege ikaporomoka maelfu ya futi kabla ya marubani na abiria kumdhibiti. Mlango wa wakati ule haukuwa kizuizi, ulikuwa pazia. Na sisi Watanzania tulionja aina nyingine ya uvamizi mapema zaidi, Februari 1982, pale Boeing 737 ya shirika letu iliyoondoka Mwanza kuelekea Dar es Salaam ilipotekwa, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi uwanja wa Stansted huko Uingereza. Anayedai leo kwamba mlango imara ni woga uliopitiliza anazungumza kana kwamba mambo hayo hayakutokea.

Tena mlango huu umewahi kuwalinda abiria dhidi ya rubani. Tarehe 27 Machi 2012, ndege ya JetBlue aina ya A320 ilikuwa ikitoka New York kwenda Las Vegas wakati kapteni alipoanza kusema na kutenda mambo yasiyoeleweka. Alipotoka kwenda chooni, rubani msaidizi alifunga mlango. Kapteni alirudi, akajaribu kuingia, akaugonga kwa nguvu, akashindwa. Abiria wakamshika na kumfunga, na kapteni mwingine aliyekuwa akisafiri kama abiria akaenda kumsaidia rubani msaidizi kuitua ndege Amarillo, Texas. Hakuna aliyekufa. Ukiuliza kama bidhaa ilifanya kazi, siku ile ilifanya kazi kwa ukamilifu.

Miaka 3 baadaye, tofauti ya siku chache tu katika mwezi ule ule, ndege ya aina ile ile yenye swichi ya namna ile ile ilikutana na hali iliyogeuzwa. Tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Germanwings iliyokuwa ikitoka Barcelona kwenda Düsseldorf ilifika kimo chake cha futi 38,000, kapteni akatoka, na rubani msaidizi mwenye umri wa miaka 27 akaurekebisha mfumo wa kujiendesha ndege ishuke hadi futi 100. Mteremko ulichukua kama dakika 10. Kinasa sauti kilirekodi kengele ya mlango, simu ya ndani, kubisha hodi, kisha mapigo mazito ya mtu anayejaribu kuuvunja mlango uliopimwa usivunjwe. Watu wote 150 walikufa katika milima ya Alpi nchini Ufaransa. Wachunguzi wa Ufaransa walibaini pia kwamba katika safari ya asubuhi ile ile ya kwenda Barcelona, kapteni akiwa ametoka, rubani huyo alikuwa amekwisha kuijaribu namba ile ya futi 100 mara kadhaa bila ndege kubadili mwendo uliotarajiwa.

Vyombo vya habari vya Ulaya vililitaja tukio hilo kana kwamba halina mfano, wakati jirani yetu wa kusini alikuwa bado na kidonda kibichi. Tarehe 29 Novemba 2013, Embraer 190 ya shirika la LAM la Msumbiji, ndege iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, iliondoka Maputo kwenda Luanda ikiwa na watu 33. Rubani msaidizi alikwenda chooni. Kapteni akabaki peke yake, na kimo kilichochaguliwa katika mfumo wa kujiendesha kikabadilishwa mara tatu, cha mwisho kikiwa futi 592, ambacho ni chini ya uso wa ardhi ya eneo lile. Mtu aliugonga mlango bila kufunguliwa. Ndege ilianguka katika Hifadhi ya Bwabwata nchini Namibia na hakuna aliyepona. Jambo ambalo ningetaka kila mkaguzi wa usafiri wa anga alisome mara mbili katika ripoti ya Namibia ni hili: utaratibu wa shirika hilo haukumruhusu rubani kubaki peke yake, na siku ile haukufuatwa. Kanuni ilikuwepo katika kitabu. Ndani ya ndege haikuwepo.

Kuna pia tukio la Februari 2014 la rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines aliyemfungia kapteni nje, akaipeleka Boeing 767 iliyokuwa ikienda Rome hadi Geneva ili kuomba hifadhi. Abiria walitoka salama. Kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni kwamba ndege za kivita za Uswisi hazikuruka kuipokea kwa sababu saa za kazi zilikuwa bado hazijaanza, wakaachiwa Wataliano na Wafaransa kazi hiyo. Kwa mlango, hata hivyo, tukio hilo ni lile lile: aliye ndani ndiye mwenye ndege.

Je, basi mlango ndio ulioua? Hapa ndipo ninapotofautiana na wakosoaji wake wakali. Marubani walikwisha kuangusha ndege kwa makusudi kabla ya mwaka 2001, milango ikiwa miepesi. Mwaka 1994 kapteni wa ATR 42 ya Royal Air Maroc aliiangusha karibu na Agadir, watu 44 wakafa. Mwaka 1997 SilkAir 185 ilidumbukia katika mto Musi nchini Indonesia na watu 104. Wachunguzi wa Marekani waliona ni kitendo cha makusudi, wale wa Indonesia wakasema ushahidi hautoshi. Mfano unaofundisha zaidi ni wa EgyptAir 990, tarehe 31 Oktoba 1999. Kapteni alikuwa ametoka, rubani msaidizi akabaki peke yake, ndege ikainamisha pua. Kapteni aliwahi kurudi ndani, hapakuwa na komeo la kumzuia, akavuta usukani kwa nguvu zake, na bado watu 217 walikufa katika bahari ya Atlantiki. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba chanzo ni vitendo vya rubani msaidizi bila kueleza sababu yake; Misri ililikataa hitimisho hilo na kusema tatizo lilikuwa la kimitambo. Vyovyote iwavyo, mlango laini haukuwa wokovu.

Nyumba nyingi za hapa mjini, kuanzia Area C hadi Kisasa, zimefungwa milango ya grili yenye kufuli kwa ndani, na kila mwenye nyumba anajua kwamba grili inayomzuia mwizi ndiyo itakayomzuia jirani anayekuja kuokoa watoto moto ukiwaka. Hakuna anayeng'oa grili kwa sababu hiyo. Kinachofanyika ni kuangalia nani anabaki na ufunguo. Mlango wa ndege una tatizo la namna hiyo, na ndiyo sababu wachunguzi wa Ufaransa, katika ripoti yao ya Machi 2016, hawakupendekeza komeo libadilishwe. Wanaopendekeza mlango ufunguliwe kutoka ardhini kwa mawasiliano ya redio wamehamisha ufunguo tu: sasa adui hahitaji hata kupanda ndege, anahitaji kumpata mwenye ufunguo huo ofisini. Sina la kuongeza kuhusu pendekezo hilo.

Linalobaki ni huduma inayouzunguka mlango, na huduma ndiyo ninayoipa alama za chini.

Ya kwanza ni utaratibu wa watu wawili. Siku tatu baada ya ajali ya Germanwings, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, ilipendekeza kwamba muda wote wawepo watu wawili wenye ruhusa katika chumba cha marubani. Rubani mmoja akitoka, mhudumu huingia. Marekani walikuwa na utaratibu huo tangu zamani. Mwaka 2016 EASA ililegeza pendekezo lake na kuwaachia mashirika wapime wenyewe hatari zao, na mwaka 2017 mashirika ya kundi la Lufthansa, wamiliki wa Germanwings, yaliuacha utaratibu huo. Hoja zao si za kipuuzi. Mhudumu hajapimwa kwa kina kama rubani, mlango hukaa wazi muda mrefu zaidi watu wanapopishana, na mtu anayekusudia ubaya akiwa ameshika usukani hahitaji dakika nyingi. Tena tarehe 22 Oktoba 2023 rubani wa Marekani aliyekuwa nje ya zamu, akiwa amekaribishwa kwenye kiti cha tatu cha chumba cha marubani, alijaribu kuvuta vishikio vya kuzimia moto wa injini ambavyo vingezima injini zote mbili. Marubani wawili walimdhibiti. Mtu wa ziada ndiye aliyekuwa hatari siku ile.

Hata hivyo nikiyapima matukio yote niliyoyataja, naona faida ikizidi. Japan Airlines 350, tarehe 9 Februari 1982, iliangushwa na kapteni mwenye ugonjwa wa akili ikiwa katika hatua za mwisho za kutua Haneda. Wenzake wawili walipambana naye papo hapo, na ingawa watu 24 walikufa, wengi zaidi walitoka hai majini. LAM na Germanwings hawakuwa na mtu wa pili wa kupambana. Mhudumu si lazima ajue kurusha ndege. Inatosha aweze kuigeuza swichi na kumfungulia aliye nje. Kwa safari ya saa moja kati ya Dodoma na Dar es Salaam suala hili ni jepesi sana, kwa kuwa rubani mwenye afya anaweza kusubiri atue. Ugumu uko katika safari ndefu za usiku, ambako Boeing 787 za Air Tanzania hukaa angani kwa saa nyingi na choo ni lazima.

Huduma ya pili, na kwangu ndiyo kiini cha jambo, ni ile inayoamua nani aruhusiwe kukaa ndani ya mlango. Rubani wa ndege za abiria hupimwa afya ya daraja la kwanza kila miezi 12, na akifika umri wa miaka 60 kila miezi 6. Hupimwa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, ambayo kwetu ni TCAA. Macho yana chati, moyo una mashine, masikio yana kipimo. Akili haina mashine. Ina maswali, na anayejibu ni mtu ambaye mshahara wake unategemea jibu.

Ripoti ya Germanwings inaonyesha ubovu huo bila kuficha. Rubani yule alikuwa amekatiza mafunzo yake mwaka 2008 kwa sababu ya sonona, na mwaka 2009 alipewa cheti cha afya chenye sharti kwamba ugonjwa ukirudi kinakoma. Ugonjwa uliporudi mwishoni mwa 2014 alizunguka kwa madaktari wengi binafsi, mmoja wao akapendekeza wiki mbili kabla ya ajali kwamba alazwe hospitali ya magonjwa ya akili. Alipewa vyeti vya kupumzika kazi ambavyo hakuvipeleka kwa mwajiri. Madaktari walinyamaza kwa sababu sheria za Ujerumani za siri ya mgonjwa ni kali na hazikuwa wazi kuhusu lini siri hiyo inaweza kuvunjwa. Alikuwa na mkopo wa mafunzo, na hakuwa na bima ya kufidia mapato ya miaka iliyobaki iwapo leseni ingepotea. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini pale vilikuwa vilio vya familia za watu 150, na mfumo mzima ulikuwa umemlipa ili afiche.

Asidhani mtu kwamba alikuwa wa peke yake katika kuugua. Utafiti wa chuo kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2016, uliowauliza marubani bila kutaja majina yao, uligundua kwamba kati ya 1,848 waliojibu maswali ya sonona, asilimia 12.6 walifikia kiwango cha ugonjwa huo, na asilimia 4.1 walikuwa na mawazo ya kujiua katika wiki mbili zilizotangulia. Karibu wote hao hawatamdhuru abiria yeyote. Wengi wenye sonona humdhuru mtu mmoja tu, tena si abiria. Lakini takwimu hizo zinaonyesha kwamba tayari tunarushwa na watu wanaoumwa kimyakimya, na kwamba kuwafukuza wanaosema ukweli kunawabakiza wanaojua kuficha.

Mkazi wa Dodoma anaelewa jambo hili kuliko wengi, kwa kuwa hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko hapa hapa mjini tangu enzi za Waingereza. Nchi nzima mtu akitaka kumdhihaki mwenzake humwambia ametoroka Mirembe. Wauguzi na madaktari wa pale wanafanya kazi ya heshima kubwa, na bado sijui ni rubani gani angekubali gari lake lionekane limeegeshwa mbele ya geti lile, akijua kwamba kabla ya jioni habari zitakuwa zimefika Dar es Salaam. Dhihaka hiyo tunayoiona ya kawaida ina bei yake, na mojawapo ya mahali inapolipwa ni futi 20,000 juu ya Morogoro.

Kwingineko wameanza kurekebisha. Marekani tangu mwaka 2010 inaruhusu marubani wanaotumia baadhi ya dawa za sonona waendelee kuruka wakiwa chini ya uangalizi, badala ya kuwalazimisha wachague kati ya dawa na kazi. Ulaya ilitunga kanuni mwaka 2018, zilizoanza kutumika 2021, zinazodai rubani apimwe kisaikolojia kabla ya kuanza kazi katika shirika, na kila shirika liwe na mpango wa marubani kusaidiana: rubani mwenye shida anampigia rubani mwenzake aliyefunzwa, si bosi wala mamlaka, na siri yake hulindwa mpaka pale tu usalama utakapodai vinginevyo. Naipenda hatua hii kuliko kipimo chochote cha mara moja, kwa sababu mtu anayepimwa akiwa na miaka 25 si yule atakayekuwa na deni, talaka na msiba akiwa na miaka 40.

Ipo pia hatari ya kumwondoa mtu kazini bila kumshughulikia. Oktoba 1999 rubani wa Air Botswana aliyekuwa amezuiwa kuruka kwa sababu za kiafya alichukua ATR 42 tupu uwanjani Gaborone, akazunguka angani kwa muda mrefu, kisha akaigonga kwenye ndege nyingine za shirika hilo zilizokuwa zimeegeshwa. Alikufa yeye peke yake, na shirika likabaki karibu bila ndege. Alikuwa amezuiwa kwa haki kabisa. Mlango wa chumba cha marubani haukuwa na lolote la kufanya siku ile, wala usingekuwa nalo.

Kwa hiyo tathmini yangu inagawanyika. Mlango wenyewe naupa nyota nne kati ya tano: ni imara, umeondoa karibu kabisa aina ya uvamizi uliokuwa rahisi hadi mwaka 2001, na siku moja uliwalinda abiria hata dhidi ya kapteni wao. Nyota moja inapungua kwa sababu kipindi kile cha dakika 5 kinachorudiwa bila kikomo kinampa mtu mmoja mamlaka ambayo hakuna chombo kingine ndani ya ndege kinachompa. Lango la pili jepesi, ambalo Marekani iliamua mwaka 2023 kulidai katika ndege mpya za abiria za mashirika yake, ni nyongeza nzuri kwa wakati mlango unapofunguliwa, ila lenyewe pia linamtazama mtu wa nje. Kwa sasa katika njia zetu kazi hiyo hufanywa na mhudumu na kitoroli cha vinywaji kilichowekwa katikati ya njia, na nikiona hivyo huwa ninaridhika.

Huduma ya afya ya akili ya marubani, kwa jinsi ilivyo katika sehemu kubwa ya dunia, haizidi nyota mbili. Ningeshauri wanaoandika kanuni katika ofisi za serikali huko Mtumba waanze na bima. Rubani wa Tanzania ambaye daktari atamwambia apumzike miezi 6 anapaswa kujua kabla ya kuingia katika chumba cha daktari kwamba mshahara wake, au sehemu yake kubwa, utaendelea kulipwa, na kwamba kuna njia iliyoandikwa ya kurudi kazini. Gharama hiyo ikigawanywa kwa tiketi zote za mwaka itakuwa ndogo kwa kila abiria, na mimi ningeilipa bila kunung'unika kuliko ninavyolipia maji na karanga. Wakati uwanja mpya wa Msalato utakapoanza kupokea ndege kubwa zaidi, zenye safari ndefu na marubani wanaotoka chumbani mara nyingi, itakuwa vizuri kanuni hizo ziwe zimekwisha kuandikwa, pamoja na ile ya watu wawili, na mkaguzi awe anapanda ndege mara kwa mara kuangalia kama inafuatwa.

Kwa abiria wa ndege ndogo zisizo na mlango ushauri wangu ni mfupi: hakuna bidhaa ya kutathmini pale, yupo rubani tu.